Geti Lilipozuia Turubai

Canter iliyobeba turubai na viti vya plastiki ilifika kwenye geti la mji wetu wa nyumba zilizozungushiwa ukuta, Kigamboni jijini Dar es Salaam, kabla ya saa mbili asubuhi. Mlinzi akatoka kibandani na simu mkononi, akauliza namba ya nyumba. Dereva akaitaja. Akauliza namba ya siri ya mgeni, ile ambayo mwenye nyumba hutumiwa kwenye simu. Dereva akacheka kidogo, akidhani anataniwa.

"Kaka, humo ndani kuna msiba."

"Najua, bosi wangu. Poleni sana. Lakini gari la mzigo linataka kibali."

Nyuma ya Canter foleni ilishaanza: bodaboda, bajaji, na Noah iliyojaa wanawake waliojitanda khanga. Waliochoka kusubiri waliteremka, wakatandika mkeka kwenye zile nyasi zinazokatwa kila Jumatatu, chini ya bango la KARIBU NYUMBANI, wakaketi. Kilio kikaanzia hapo, nje ya ukuta.

Mimi nilikuwa natoka kupeleka watoto shule. Upande wa wanaotoka kizuizi hunyanyuka chenyewe, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi.

Aliyefariki ni Bibi wa nyumba ya kona. Watoto wa mtaa mzima walimwita Bibi, wangu wakiwemo. Alikuwa anauza ubuyu kimyakimya kwenye baraza dogo la nyuma, ingawa biashara majumbani ni marufuku kwetu, na mlinzi yule aliyeshika simu alikuwa mmoja wa wateja wake wakubwa. Uso wake asubuhi ile ulikuwa wa mtu anayetamani kuwa kwingine.

Ilipofika saa nne, mwanawe marehemu alikuwa amechoka kupigiwa simu kila mgeni anapofika. Akasema basi, msiba uende Temeke kwa kaka yake. Wakaitoa maiti ndani ya mji wetu, Canter ikageuza na turubai lake bila kulishusha, na kina mama wakakunja mkeka.

Sikumsikia mwana huyo, jirani yangu, akimlaumu mtu. Nadhani hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko yote.

## Tulikimbia nini

Kabla hujanielewa vibaya: sijaja kuuponda mji wetu. Nimekulia Magomeni, upande ambao mvua ikinyesha usiku watu wazima hawalali. Desemba 2011, mto Msimbazi ulipofurika, nilijifunza kwamba godoro likishalowa maji ya mtaro hulikaushi hata ukilianika mwezi mzima. Likinuka, limenuka.

Kwa hiyo tulipoonyeshwa ramani ya nyumba hizi za Kigamboni, mume wangu aliuliza kuhusu hati na makato ya kila mwezi. Mimi niliuliza swali moja tu: mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi? Yule binti wa mauzo akachukua kalamu, akanifuatishia mtaro kutoka mlangoni kwetu mpaka unakoishia bondeni. Nikajua hapa nitalala.

Tulikuwa na hofu pia, kama kila aliyewahi kununua nyumba ya kwenye karatasi. Kigamboni hiyohiyo kuna Dege, mradi wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa nyumba zaidi ya 7,000, uliosimama mwaka 2016 na kuacha maghorofa yakitazama bahari bila madirisha. Lakini za kwetu zilikamilika. Lami ikaja, taa zikaja, maji yakatoka bombani siku waliyosema yatatoka.

Mwanangu wa pili alijifunza baiskeli barabarani mbele ya nyumba, mimi nikiwa jikoni. Nani kule nilikotoka anaweza kumwachia mtoto barabara na bodaboda hizi?

Na ukuta niliupenda. Naupenda mpaka leo.

Ndiyo maana jambo la Bibi limenisumbua. Lingekuwa ni ubaya wa watu ningekasirika nikamaliza. Ila sikuona mbaya hata mmoja pale getini. Mlinzi alifuata alichoambiwa. Aliyemwambia alifuata kitabu. Na kitabu tulikisaini sisi wenyewe, kila ukurasa.

## Kitabu cha kanuni

Nilikitafuta usiku huohuo, nikakikuta kwenye droo ya karatasi za umeme. Tulipokisaini sidhani kama nilikisoma. Nilikuwa natazama makabati ya jikoni.

Nguo zisianikwe mbele ya nyumba. Kuku, hapana. Kuni na mkaa nje ya nyumba, hapana. Muziki mwisho saa nne usiku. Magari ya wageni yasizidi mawili kwa nyumba, yanayozidi yaegeshwe nje ya geti. Hema kwa ajili ya sherehe liombewe kibali saa 48 kabla.

Nikarudia kukisoma kutoka mwanzo, safari hii kwa kidole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo yaliyobandikwa ukutani. Nilikuwa natafuta msiba. Nilitaka nione wameukatazaje, nijue nagombana na sentensi ipi.

Haumo. Kuna kifungu cha mbwa, na kingine cha rangi ya pazia zinazoonekana nje. Msiba haukukatazwa wala kuruhusiwa. Aliyeandika kitabu kile hakuwahi kuwaza kwamba ndani ya nyumba zile mtu atakufa.

Baada ya hapo niliitazama ramani nzima kwa jicho jingine. Uwanja wa watoto upo, sehemu ya mazoezi ipo, na duka la dawa lilishatengewa chumba. Maisha yaliyochorwa pale ni ya baba, mama na watoto wawili wenye afya, wageni wao ni wachache na wanatoa taarifa. Bibi hayumo kwenye mchoro. Alikuja baadaye, kuuguzwa na mwanawe, kama wazee wetu wote wanavyokuja mjini. Nyumba zetu zina chumba kinachoitwa cha mgeni. Bibi alilala humo miaka yake ya mwisho.

Na hata kama turubai lingeingia, angeoshewa wapi? Zamani nyumba za pwani zilikuwa na sakafu ya udongo, ukachimbwa ufuo, yaani mfereji wa kuoshea maiti, palepale, maji yakaingia ardhini. Sisi tuna vigae kila mahali, mpaka uani. Siwalaumu waliojenga, vigae nilivichagua mwenyewe. Naeleza tu jinsi nyumba inavyoweza kukuamulia mambo ambayo hukujua kwamba ni ya kuamua.

## Temeke

Tulikwenda mchana, kina mama wachache wa mtaani kwetu, tukachanga mafuta na tozo ya Daraja la Nyerere. Ndani ya gari nikagundua kitu cha aibu kidogo: wawili kati yetu nilikuwa nawafahamu kwa picha zao za WhatsApp tu. Mmoja nilimjua kama yule wa malalamiko ya taka.

Mtaa wa yule kaka mtu ni mwembamba. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka nguzo ya umeme mpaka kwenye mbao za dirisha la nyumba ya pili, ambayo wenyewe hawakuwa hata ndugu. Barabara yote imezibwa. Upande wa mbele wanaume kwenye viti, daftari la rambirambi mezani limewekewa jiwe lisipeperuke. Uani masufuria, moshi, na mwanamke mmoja mnene mwenye mwiko mrefu akiwaamrisha wenzake waliomzidi umri.

Akaja bodaboda na abiria. Alipoliona turubai akazima pikipiki kabla hajafika, akamshusha abiria, akavua kofia ngumu, akaisukuma taratibu akipita kando ya viti. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kifuani. "Poleni jamani." "Tumeshapoa." Alipofika mwisho wa turubai akavaa kofia, akawasha, akaondoka. Hakumjua Bibi. Hakuuliza aliyefariki ni nani.

Nilimfuata kwa macho mpaka akapotea.

Tukaelekezwa uani, tukapewa vitunguu. Yule wa malalamiko ya taka aliketi karibu yangu, na ndani ya beseni moja la vitunguu nikajua kwamba ni mwuguzi, anaingia zamu za usiku, mama yake alifariki mwaka wa juzi akazikwa Tanga, na yeye kwenye mtaa wetu hakumwambia mtu.

"Ningemwambia nani?" akaniuliza, wala si kwa uchungu. Alikuwa anauliza kweli.

## Wanaoshukuru kimya

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa makala rahisi ya kusifu uswahilini. Tatizo ni kwamba mwuguzi huyohuyo, tulipokuwa tunarudi, alisema jambo ambalo sijaweza kulijibu mpaka leo.

Alisema yeye alihamia kwetu kwa sababu ya msiba. Pale Sinza alipopanga, alikuwa akitoka zamu asubuhi anakuta turubai dirishani kwake, spika imewashwa, siku tatu, nne. Msiba ukiisha inakuja ngoma ya kigodoro ya harusi, usiku kucha, na madada wanacheza mpaka alfajiri. Kila wiki kuna daftari la mchango, na usipoandika jina lako unasemwa. Siku moja gari lililobeba mama mjamzito liligeuzwa kwenye mtaa wao kwa sababu barabara imefungwa kwa ngoma. Likazunguka mbali.

"Nyie mliokulia kwenye nyumba zenu hamjui," akasema. "Mpangaji hawezi kusema chochote."

Mwingine akaongeza kwamba msiba wa mjini ni gharama, kulisha watu mia mbili siku tatu, wengine wanakuja kwa ajili ya pilau na kuondoka bila hata kuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini. Kwake yeye geti ni msaada. Linampa sababu ya kusema hapana bila yeye kuonekana mchoyo.

Nilitaka kubishana. Nikakumbuka siku ambazo mimi pia, nikiwa Magomeni, nilizima taa nikajifanya nimelala.

Kwa hiyo sijui. Kuna uchovu wa kuishi na watu ambao hausemwi, na nyumba za namna hii zinauzwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya uchovu huo. Anayenunua anaambiwa usalama, ila usalama ni jina la heshima. Kwa wengi wetu ni kupumzika watu.

## Kariakoo nayo ilichorwa

Kuna usemi mmoja nimeukinai: kwamba kule kuna vurugu na huku kumepangwa.

Itazame Kariakoo kutoka juu. Mitaa imenyooka, inakatana kama kitambaa cha mraba. Ilichorwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mnazi Mmoja haikubaki wazi kwa bahati, ilikusudiwa iwe ukanda wa kuutenga mji wa Waafrika na wa wengine. Temeke na Magomeni zikachorwa na Waingereza baada ya Vita ya Pili, viwanja vikapimwa, barabara zikapewa upana wake. Ule mtaa mwembamba ambao bodaboda alisukumia pikipiki yake uliwahi kuwa mstari kwenye karatasi ya mtu aliyekuwa na rula.

Jiji hili limekuwa na mipango mikuu mwaka 1949, 1968 na 1979. Mwaka 2002 ukaja mradi wa viwanja 20,000, uliopima Kibada, Gezaulole, Tuangoma na kwingineko. Hatujawahi kukosa ramani. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa una watu zaidi ya milioni 5, na wengi wao wanaishi mahali ambapo ramani ilifika baadaye au haikufika kabisa. Lakini hata pale ilipotangulia, mchoraji alimaliza kazi akaenda zake. Waliobaki ndio walioamua kwamba baraza la mbele ni la kuketi wanaume jioni, kwamba uani ni jikoni la nyumba nzima, kwamba barabara ni ya magari mpaka mtu afariki, na mtu akifariki ni ya watu.

Kwetu mchoraji hajaondoka. Ana ofisi pale getini, anakusanya makato, na kila ukitaka kuhamisha kitu anakuonyesha mchoro.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi, na si lazima niwe sahihi. Mji kupangwa hakuna ubaya. Ninachouliza ni nani mwenye ruhusa ya kuukosea mpango baada ya watu kuingia.

Mfano mwingine ni Magomeni Kota, kwetu nilikokulia. Kota za zamani zilibomolewa, watu wakatawanyika miaka mingi, na mwaka 2022 kaya 644 zikakabidhiwa nyumba kwenye maghorofa mapya palepale. Ni maghorofa, yamepangwa kuliko hata nyumba zetu. Ila waliorudi walikuwa wanajuana tangu kota za zamani, wanajua nani mkwe wa nani. Sisi tulikutanishwa na mkopo wa benki.

## Kikao

Mimi na mwuguzi ndio tuliopeleka hoja kwenye kikao cha wakazi. Nilitegemea dakika kumi. Tulikaa mpaka maghrib.

Msimamizi wa mji alikuwa mpole. Alisema ile sehemu ya wazi ya mwisho imetengewa maduka ya awamu ya pili, haiwezi kuwekewa turubai. Mzee mmoja mstaafu akauliza, awamu ya pili inaanza lini? Msimamizi akasema taratibu zinaendelea. "Basi tufe kabla haijaanza," mzee akasema, watu wakacheka, na baada ya kicheko hicho kikao kikawa kikao.

Kuna waliopinga kwa sauti. Mmoja alisema tukiruhusu msiba tumeruhusu arobaini, tukiruhusu arobaini tumeruhusu maulidi na kipaimara, na mwishowe spika. Hoja hiyo si ya kupuuza. Tulibishana nayo zaidi ya nyingine zote. Mwingine akauliza nani atamtambua mwizi katikati ya waombolezaji mia mbili. Hapo palikuwa kimya kidogo.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa tulikuwa tumemwalika, kwa heshima tu. Alisikiliza yote, kisha akauliza: "Balozi wenu wa nyumba kumi ni nani?"

Tukatazamana.

"Katibu wenu wa mazishi?"

Hakuna.

"Sasa huyo kijana wa getini mlitaka amuulize nani asubuhi ile?" akasema. Hakuongeza neno, akaomba maji ya kunywa.

Swali lake lilinivuruga. Nilikuwa nimefika pale kudai turubai, kumbe kabla ya turubai kuna mtu. Kule Temeke hakuna anayesimama njiani na orodha ya wageni, lakini si kwamba hakuna anayejua nani kaingia. Yule mwanamke wa mwiko mrefu alijua kila aliyekuwa uani kwake. Alinitambua mimi kuwa mgeni kabla sijavua viatu.

Tulichokubaliana ni hiki, kwa majaribio. Ukitokea msiba, mzee mmoja au mama mmoja wa mtaa anakaa getini na mlinzi tangu asubuhi, yeye ndiye anayesema huyu apite, bila namba ya siri. Turubai linafungwa kwenye maegesho ya uwanja wa watoto. Spika mwisho saa tatu usiku. Kupika ni kwa gesi tu. Kwenye kuni msimamizi aligoma kabisa, akataja bima. Msiba siku tatu mwisho. Kuosha maiti bado hakuna jibu, tunazungumza na msikiti wa jirani.

Katibu wa mazishi alichaguliwa papo hapo: mzee mstaafu. Msaidizi wake ni mwuguzi, ambaye alipiga kura spika iwekewe mwisho na akashinda.

Jirani yangu wa nyumba ya kona hakuja kikaoni. Nilimpelekea karatasi ya makubaliano mwenyewe. Akaisoma akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Vizuri, shemeji," akanirudishia. Sikujua niseme nini zaidi. Ubuyu wa Bibi uliobaki, mkewe aliwagawia watoto.

Kwa sasa tumeanza kikundi cha kina mama, tunachanga kila mwezi, na tumeshanunua masufuria makubwa. Yamekaa stoo kwangu. Mume wangu analalamika kwamba baiskeli za watoto zimekosa pa kulala, na kanuni, nimeangalia, zinasema stoo isitumike kuhifadhi vifaa vya shughuli.

Kama unaishi kwenye mji wa aina hii na mmeshapitia msiba humo ndani, naomba uniambie mlifanyaje, hasa suala la jiko. Wapishi tuliowauliza Temeke wamecheka. Wanasema pilau la watu mia mbili kwa gesi ni mzaha.